Haikuwa tiara

Mbeya, Jumapili jioni

Ndugu yangu Tumaini,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukamata. Makoti hayavuliwi hata mezani.

Juzi harusini ulinifanya kichekesho. Nilisema niliendesha ndege isiyo na injini nikiwa na miaka 16, ukapaza sauti: "Basi ilikuwa tiara!" Meza nzima ikaangua kicheko. Sasa nisikilize, maana pale hukunipa nafasi.

Unakumbuka mzee alipokwenda kusoma Uingereza akatuchukua wote. Kule kuna kadeti wa anga, vijana wanaopiga kwata chini ya jeshi la anga. Walianzishwa mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto. Mimi nilijiunga kwa ajili ya sweta la sare, nisikudanganye.

Mwisho wa wiki tulipelekwa kwenye glaida, ndizo hizo ndege zisizo na injini. Siku nzima unazisukuma kwenye matope, unaruka dakika 5. Upande wa pili wa uwanja kuna winchi, kama ile ya kunasua malori barabara ya Makete, ila hii ina kasi ya kutisha. Waya wake unanaswa chini ya tumbo la glaida, mwenzako anashika ncha ya bawa na kukimbia nayo hatua chache, kisha pua inaelekea juu mpaka unaona mawingu tu. Futi 1,000 na ushei. Hapo unauachia waya.

Mwalimu wangu, aliyekaa kiti cha nyuma, alikuwa na mchezo mmoja: katikati ya kupanda anauachia waya yeye, bila kuniambia. Mwendo unakufa. Mkono unataka kuvuta usukani kwa sababu ardhi inatisha, kumbe unatakiwa usukume, pua ishuke, mwendo urudi, ndipo uamue kutua mbele au kukata kona. Nilikosea mara mbili. Hakunigombeza, alikohoa tu. Kikohozi kile, Tumaini!

Siku moja tukatua, akashuka, akafunga mikanda ya kiti chake kitupu, akasema nenda. Hakuna aliyenidokeza kwamba glaida itakuwa nyepesi. Yule bwana alikuwa na mwili. Bila yeye ilipanda kwa pupa. Nikaachia waya, nikangoja kikohozi. Kimya. Upepo tu ukipita kwenye kioo, na ule uzi wa sufu uliobandikwa mbele kukuonyesha kama unakwenda kiubavu. Nikazunguka uwanja, nikatua, nikadunda mara mbili.

Ndiyo maana tukipanda mlima Loleza huwa nasimama kutazama mwewe. Wewe unadhani nimechoka. Upepo ukigonga mteremko hauna pa kwenda ila juu, naye anaukalia bila kupiga bawa. Glaida nazo hufanya hivyo hivyo.

Picha ipo, moja tu, kwa mama Tukuyu, ndani ya kabati la vyombo. Nikienda kufuata ndizi nitaichukua. Uje kuitazama na meza ile ile nzima.

Msalimie shemeji.

Wako,
Gwamaka