Kuongeza seva pekee hakutoshi

Mhariri,

Tovuti ya matokeo ya mitihani inapoelemewa siku ya kutangazwa, jibu la kawaida ni kwamba seva, yaani kompyuta zinazoihudumia tovuti, zitaongezwa. Naomba nafasi nieleze kwamba namna maombi ya watumiaji, yaani kila ukurasa au faili wanalolitaka, yanavyogawanywa kwa seva hizo ina uzito uleule, ingawa haizungumzwi.

Utaratibu rahisi ni wa zamu: ombi la kwanza kwa seva ya kwanza, la pili kwa ya pili, hadi mzunguko uanze upya. Huo hufaa pale maombi yanapolingana kwa uzito na seva kwa uwezo, jambo lililo nadra, kwa kuwa mtumiaji mmoja hutafuta matokeo ya mtahiniwa mmoja na mwingine hupakua ya mkoa mzima. Kuipendelea seva yenye maombi machache kuliko zote ni bora, ila kunahitaji kujua hali ya zote kila wakati.

Mwaka 1996 Michael Mitzenmacher, katika tasnifu yake ya uzamivu huko Berkeley, Marekani, alionyesha kwamba yatosha kuchagua seva mbili kwa kubahatisha na kulipeleka ombi kwenye foleni fupi kati ya hizo. Kutoka kubahatisha seva moja hadi mbili nafuu ni kubwa mno. Ya tatu, ajabu, huongeza kidogo tu.

Kabla fedha za umma hazijanunua mashine mpya, wahusika watueleze wanatumia utaratibu gani, na kama seva iliyozimika huondolewa mara moja katika mgao au huendelea kupelekewa maombi yasiyojibiwa.

Mhandisi wa mitandao,
Dodoma