Wanasiasa ibadani Jumapili hii

Bwana asifiwe, wapendwa. Wageni wa siasa wameomba kuabudu nasi hapa Kisumu. Karibu yao ni ya kila mshirika: mahali pa kuketi na kitabu cha nyimbo.

Kipaza sauti hawapewi. Shida huanza na "asalimie tu dakika moja": akishasalimia mmoja, mpinzani wake naye atadai zamu, na neno la Mungu litakatwa. Mchungaji atawatambua kwa majina, wasimame, waketi, basi. Septemba 2021 kule Butere, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubia kanisani, na watu waliabudu vizuri tu.

Pesa ndiyo mtego mkubwa. Sadaka iingie kapuni bila kutangazwa. Bahasha ya ujenzi ipokelewe na mweka hazina na mzee mmoja, ihesabiwe mbele yao, risiti iandikwe. Asipewe mchungaji mkononi, maana ataonekana amenunuliwa hata kama hakula shilingi.

Kofia na fulana za chama ziachwe nyumbani. Uanachama wenyewe si dhambi, Ibara ya 38 ya Katiba inakupa haki hiyo. Lakini usimwambie ndugu kwamba asiyepigia chama chako hajaokoka. Hilo linaumiza, na limewatoa watu kanisani.

Pia, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa uangalie umeandikishwa wapi. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta kwenye vyama wasivyojiunga navyo.

Wahudumu wa mlangoni, tukutane saa moja na nusu asubuhi.