Bega lile si langu

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Mwezi uliopita mteja alininyooshea simu yake huku macho kayainamisha: sura yangu, mwili wa uchi si wangu. Sura waliichomoa kwenye picha ya harusi ya mpwa wangu, hata kipini cha puani kipo. Ila bega halina kovu la chanjo, nami ninalo tangu utotoni. Nani atatazama bega?

Niliripoti kwenye mtandao wenyewe, nikajibiwa haijavunja kanuni. Kituoni askari kijana akaniuliza, "Mama, una hakika si wewe?"

Aliyenifaa ni binti wa jirani. Alinifungulia StopNCII, huduma ya mtandaoni ya kuzuia picha za utupu zisisambazwe bila ridhaa, bure kwa waliotimiza miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Hutengenezwa alama ya tarakimu tu, na mitandao iliyojiunga huitumia kuisaka na kuiondoa. Hata picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba (AI) zinapokelewa. Kwenye magrupu, lo, bado inazunguka.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Naomba kila kituo kiwe na askari mwanamke anayejua kwamba picha ya skrini na kiungo ni ushahidi. Mimi niliambiwa, "Futa tu, mama."

Fundi cherehani,
Tanga