Kwa Mama Ineza: nimepata kazi Goma

Bukoba
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mpendwa Mama Ineza,

Za siku nyingi, waitu? Baba Ineza hajambo? Sisi huku wazima. Watoto wamepona mafua, mvua haituachi, na senene wameanza kuonekana, kwa hiyo fungu lako liko njiani. Jana asubuhi mtaa mzima tulikaa mbele ya runinga kumzika Baba Mtakatifu Fransisko. Mama amelia mpaka sauti imekauka. Poleni na ninyi.

Najua ni muda mrefu sijakuandikia, na ningependa barua hii iwe ya kuulizana habari za watoto na duka. Ila nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, na katika watu wangu wote wewe ndiye unayeliona kwa macho kila asubuhi ukifungua dirisha. Nimepata kazi. Iko Goma, upande wa Kongo, ng'ambo tu ya mpaka wenu hapo Gisenyi.

Usinipigie kabla hujamaliza kusoma, tafadhali. Nikikusikia unapaza sauti nitasahau yote niliyotaka kusema.

Ni kazi ya maabara, mkataba wa miezi sita, kupima mpox na kipindupindu. Mpox inapimwa kwa mashine zile zile za GeneXpert tulizokuwa tukipimia kifua kikuu, kwa hiyo kazi yenyewe naijua. Mshahara ni mzuri. Unajua hali yetu tangu misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari: mradi wa VVU niliokuwamo ulifungwa, tukaambiwa turudishe funguo na tusubiri. Bado tunasubiri. Mwenzetu Kagaruki sasa anauza vipuri vya pikipiki, yeye na shahada yake. Ada ya Alinda ya muhula huu imelipwa na kaka yangu, na Baba Alinda hasemi kitu lakini namwona anavyohesabu fedha mara mbili mbili kabla ya kwenda sokoni.

Sasa nikueleze ninachokiogopa, maana watu wanadhani naogopa ugonjwa. Virusi nina namna ya kujikinga navyo. Marburg ya Maruku mwaka 2023 nilikuwepo, na hii ya Biharamulo iliyotangazwa Januari na kuisha Machi nilikuwepo pia. Ukivaa vizuri, ukavua vizuri, ukanawa, ukafuata utaratibu hata kama umechoka, unarudi nyumbani. Mpaka hauna utaratibu wa namna hiyo. Kinachonikosesha usingizi ni kuvuka pale kwenu, nikaingia, halafu nyuma yangu wakafunga.

Hebu fikiria, Mama Ineza. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Januari. Njia ya kawaida ya kutoka ni kurudi Gisenyi, au uzunguke Rutshuru mpaka Bunagana uingie Uganda, na huko Rutshuru na Bunagana kote ni mikononi mwa wapiganaji hao hao. Rwanda na Burundi hazina mpaka wa nchi kavu uliofunguliwa tangu Januari 2024. Ubelgiji na Rwanda wamevunja uhusiano mwezi uliopita. Kila ninapofungua redio kuna mlango unafungwa, nami ndio naambiwa niingie chumba cha ndani kabisa.

Mfano ulioniumiza zaidi ni wa askari wetu. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliamua tarehe 13 Machi kwamba kikosi chake kiondoke Kongo: Watanzania, Waafrika Kusini, Wamalawi. Leo ni 27 Aprili na bado wamo kambini. Wana bunduki, wana majenerali, wana marais wanaopigiana simu, na bado wanasubiri njia. Wawili wa kwetu walikufa kule mwezi wa kwanza, Mungu awarehemu. Mimi nitakuwa na nini mkononi? Pasipoti na kitabu cha manjano cha chanjo.

Niliwauliza shirika linalotaka kuniajiri. Waliniandikia kwamba hali ikibadilika "watafanya kila linalowezekana". Nikaomba niione bima. Nimeisoma mstari kwa mstari, na ukurasa wa mwisho unasema hailipi kitu kilichosababishwa na vita, uasi au fujo za kisiasa. Sasa Goma, mwaka huu, kitu gani kitanipata ambacho hakimo katika hayo matatu? Labda nianguke bafuni. Nilipowaandikia tena kuhusu hilo, yule binti wa ofisini kwao alinijibu kwa upole sana kwamba wengine wameshaingia na hawajalalamika.

Mama yeye amepinga waziwazi. Unamjua, si mtu wa kupiga kelele. Alinikalisha jikoni akanisimulia tena habari za 1978, na safari hii sikumkatiza. Walikuwa Bunazi. Askari wa Amin walipoingia kwa njia ya Mutukula, watu walidhani ni fujo za siku mbili za mpakani kama walivyozizoea, wakasema wangoje kidogo, migomba haiwezi kuachwa. Halafu daraja la Kyaka likalipuliwa. Wale wa kaskazini ya Mto Kagera wakabaki kati ya maji na askari, na Amin alikuwa ameshatangaza kwamba upande huo wote sasa ni wake. Mama anasema hakuna aliyewaambia kwamba ile ilikuwa siku ya mwisho ya kuvuka. Mtu hupita darajani asubuhi na jirani yake jioni asipite. Hilo ndilo alilotaka nilisikie, na nimelisikia.

Lakini nimemjibu kwamba watu wa Goma wao hawana wa kuwatafutia daraja, na wanaugua. Hakunijibu. Alisema tu kwamba hata Baba Mtakatifu Goma hakufika. Na ni kweli: safari ya Julai 2022 iliahirishwa kwa sababu ya goti, na alipokuja Januari 2023 Goma ikaachwa kwa ajili ya mapigano, wahanga wa mashariki wakapelekwa kwake Kinshasa. Nilikosa la kusema.

Kuna na muhuri. Hili usilidharau. Wanaogonga mihuri upande wa Goma sasa wamewekwa na M23, na Kinshasa haiwatambui. Kesho kutwa nikipata kazi Lubumbashi au Kinshasa kwenyewe, ofisa akafungua pasipoti yangu akaona muhuri wa Goma wa mwaka huu, atanichukuliaje? Mtu aliyeingia nchini mwake kwa ruhusa ya waasi? Tanzania na Kongo wote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu wao walipojiunga 2022, tungetegemea kupita kama jirani kwa jirani. Niliwauliza shirika na hilo. Walisema nisiwe na wasiwasi. Sikuulizia wasiwasi wangu, niliuliza muhuri unagongwa wapi.

Najua utasema habari zimeanza kuwa nzuri. Nimezisikia. Jumatano Kinshasa na M23 walitoa tamko la pamoja Doha kwamba watasimamisha mapigano. Ijumaa mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda wakatia sahihi Washington, na wameahidiana kuwa na rasimu ya mkataba wa amani ifikapo tarehe 2 Mei. Nami shirika linataka sahihi yangu Ijumaa hiyo hiyo, tarehe 2 Mei. Baba Alinda anasema hiyo ni dalili njema. Mimi ninaona nitalazimika kutia sahihi kabla sijajua kama wao wametia. Mji wa Walikale M23 waliuchukua Machi, mwanzoni mwa mwezi huu wakauacha. Mtu wa kawaida atajuaje kesho nani yuko wapi?

Bado sijasahau ile sauti uliyonitumia Januari, mabomu yalipoanguka upande wenu na wewe uko chini ya kitanda na Ineza. Nilikuwa Biharamulo, nikatoka nje ya hema nikasikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Wala sijasahau habari za wanawake waliobakwa katika gereza la Munzenze, pale Goma. Hilo sikumwambia Mama, na Baba Alinda tumelizungumza mara moja tu.

Na bado, Mama Ineza, nataka kwenda. Nimejipima moyo na nataka. Nikiwaza sampuli zinakaa kwenye jokofu hakuna wa kuzipima, na mama amebeba mtoto mwenye vipele hajui ni nini, mikono yangu inawasha. Nimesomea hii kazi. Ila nataka niende nikijua nitatoka kwa njia gani, na siku gani niache kila kitu na kuondoka. Shirika halinipi jibu hilo, kwa hiyo nimekuja kwako.

Nisaidie haya. Mpaka unafungwa saa ngapi siku hizi, mkubwa na ule mdogo, na huwa wanafunga ghafla au mnajua mapema? Wageni wasio Wanyarwanda wala Wakongo wanapitaje? Hebu muulize Baba Ineza, au yule shemeji yake anayevusha mboga: muhuri wa Goma wanaugonga ndani ya pasipoti au kwenye karatasi ya pembeni? Nasikia benki za Goma zimefungwa tangu Januari na watu wanakuja kwenu kutoa fedha. Ni kweli bado? Ukiniwekea akiba ya dola kidogo dukani kwako, nikatuma kutoka huku, itakupa shida? Ile Januari, watu wa mashirika walipovuka kwenu, waliambiwa saa ngapi kabla? Kuna waliobaki ng'ambo? Na naweza kulala kwenu usiku wa kwanza, nivuke asubuhi, hata kama ni sebuleni na Ineza?

Na la mwisho, nijibu bila kunihurumia: ungekuwa wewe, na Ineza yuko darasa la sita, ungevuka?

Andika kabla ya Jumatano usiku. Alhamisi ni Mei Mosi, ofisi hazifunguliwi, na Ijumaa wananingoja. Ukishindwa kuandika nitumie sauti, hata ndefu. Senene nimempa dereva wa basi la Rusumo, atamwachia Sista yule yule Kigali.

Rafiki yako,
Mama Alinda