San Francisco: na moto je?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu tetemeko la San Francisco la Aprili 18, 1906 ilieleza vizuri jinsi ardhi ilivyoteleza kwenye ufa wa San Andreas. Ila moto mmeupitia juu juu, nao ndio ulioharibu zaidi: mabomba ya maji yalipasuka, mji ukaungua siku tatu. Na wafu? Kwa miaka mingi hesabu rasmi haikufika 500. Leo inakadiriwa zaidi ya 3,000. Wachina wengi hawakuhesabiwa. Kisha, ajabu, daftari za waliozaliwa zilipoteketea, baadhi yao walidai kuzaliwa Marekani, yaani ni raia, na sheria ya 1882 ya kuwazuia Wachina kuhamia huko ikakosa pa kuwashika. Hilo mngeliandika.

Msomaji wenu,
Tanga