Haijalila faili lako

Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikicheka, unisamehe. Eti LinuxCNC 2.9, hii programu inayoendesha mashine zetu za kukata, imekula faili lako la mipangilio la tangu enzi za 2.7! Haijalila. Ulichokutana nacho ni uamuzi wa kutenganisha viungo na mihimili, uliopitishwa kabla ya 2.8 kutoka mwaka 2020. Mimi nauunga mkono, japo siku uliponifikia niliutukana vizuri tu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaandika AXIS_0 na hiyo ndiyo X, basi? Programu ilichukulia kwamba kiungo (yaani mota yenyewe) na mhimili (upande wa mwendo, kama X au Y) ni kitu kimoja. Kwa mashine ya kawaida haina neno. Lakini mkono wa roboti una viungo sita na hakuna hata kimoja kinachoitwa X. Na hii mashine yangu ya milango, daraja lake, ile boriti inayovuka mashine, linavutwa na mota mbili, kushoto na kulia, zote Y. Enzi zile nilipeleka mapigo yaleyale ya umeme kwenye draiva zote mbili za mota nikamwachia Mungu. Daraja likilala upande milimita tatu, asubuhi naliegemea kwa goti hadi linyooke, napima kona kwa kona kwa tepu, ndiyo nawasha. Nikisahau, mlango unatoka umekaa upande kama kofia ya mlevi.

Tawi la kutenganisha viungo na mihimili, yaani nakala ya programu iliyotengenezwa kando, lilikaa pembeni miaka. Kufanya kazi lilikuwa linafanya. Kikwazo kilikuwa faili zetu. Likiingia kwenye shina, yaani programu kuu, faili za watu wote zinagoma. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ukisubiri, shina linazidi kubadilika na tawi linazidi kuwa gumu kuliunga, na mafundi wapya wanazidi kuandika faili za mtindo wa kale. Wakaliunga, wakatuwekea na update_ini, kiprogramu cha kugeuza faili la zamani. Hapo ndipo hasira zangu zilipoisha.

Sasa nakili folda yote pembeni kwanza. Ile update_ini itakusogeza, ila kwa kuwa na wewe una mota mbili za Y, pitia kwa mkono. Kila mota iwe na JOINT yake (sehemu ya kiungo kwenye faili), mipaka ya mwendo iwe kwenye AXIS_X, AXIS_Y na AXIS_Z pia, na trivkins, inayosema mota ipi ni ya mhimili upi, uipe coordinates=XYYZ. Kwenye faili la HAL, linalounganisha programu na mota, axis.0 za mota zigeuke joint.0. HOME_SEQUENCE, yaani zamu ya kila mota kurudi mahali pake pa kuanzia: Z 0, Y zote mbili -1, X 2. Ile alama ya kutoa usiiache, ndiyo inayozifanya Y mbili zimalizie pamoja. Na kila upande wa daraja uwe na swichi yake ya mahali pa kuanzia, usinibanie hapo.

Ukikwama nitumie faili lenyewe, si picha ya skrini iliyopigwa gizani kama safari ile. Shemeji msalimie.

Wako wa siku zote