Zana za programu zichaguliwe kwa uwezo wa mashine

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie walimu wa kompyuta wa Mtwara na Lindi, pamoja na vijana wanaojifunza kutengeneza programu. Darasa zima huagizwa kusakinisha Android Studio, programu ya kutengenezea programu za simu za Android, wakati wengi wana kompyuta za mtumba zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4. Mashine inaganda, na mwanafunzi anadhani hana akili ya kazi hii. Inaniuma, kwa sababu tatizo ni zana aliyopewa.

Android Studio huhitaji RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache. Ukiwasha na simu ya kuigiza ndani yake, inayotosha ni 16. Mwenye 8 atumie simu yake halisi: aingie kwenye mipangilio, aguse nambari ya muundo mara 7, awashe utatuzi wa USB, kisha achomeke waya. Mwenye 4 aanze na Thonny, kihariri chepesi cha msimbo, kama anajifunza lugha ya Python. Kwa lugha ya Java, kihariri cha Geany na JDK (zana za msingi za Java) vinatosha; ndani ya Geany bonyeza F8 kukusanya msimbo, F5 kuuendesha. Visual Studio Code, kihariri kingine, nayo ni nyepesi mpaka uanze kuipachika viongezi, maana kile cha Java huendesha programu nyingine nzima nyuma ya pazia.

Lipo pia suala la bando. Mradi wa kwanza wa Android hupakua mamia ya megabaiti kupitia Gradle, zana inayounganisha sehemu za programu. Umeme au mtandao ukikatika katikati, faili hubaki nusu na kila jaribio linalofuata hugoma. Futa folda ya toleo la Gradle lililokatika ndani ya .gradle/wrapper/dists, upakue upya. Ukishafanikiwa, washa hali ya Gradle ya kufanya kazi bila mtandao. Mwalimu anaweza kupakua mara moja akawagawia wanafunzi visakinishi kwa flashi.

Lakini panapopuuzwa zaidi ni kwenye usanifu. Michoro ya UML, yaani michoro ya kuonyesha muundo wa programu, huchorwa baada ya programu kukamilika, ili ripoti ijae. Chukua mfumo wa korosho za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Wengi huweka bei kwenye jedwali la mkulima. Mkulima huyo huyo hupeleka mzigo leo na mwingine baada ya wiki mbili. Kila mnada una bei yake, na daraja la kwanza haliuzwi sawa na la pili. Mnada wa pili ukifanyika, bei ya kwanza inafutika na malipo ya nyuma hayahesabiki tena. Mchoro wa klasi, unaoonyesha vitu vya mfumo na uhusiano wao, ungelionyesha kosa hilo kabla ya kuandika mstari hata mmoja: mkulima mmoja ana mizigo mingi, kila mzigo una uzito na daraja, na bei inakaa pale mzigo unapokutana na mnada.

Kwa kazi hiyo napendekeza PlantUML kuliko programu kubwa za kuchora. Unaandika maandishi tu, mfano Mkulima "1" -- "*" Mzigo, nayo inachora. Inahitaji Java, na kwa michoro ya klasi inahitaji pia Graphviz, programu ya kupanga michoro ambayo amri yake huitwa dot (kwenye Windows matoleo mapya ya PlantUML huja nayo). Mchoro wa mfuatano, unaoonyesha hatua kwa hatua, hauihitaji. Ndiyo maana mtu huona mchoro mmoja unatoka na mwingine unaleta ujumbe kwamba dot haikupatikana, akafikiri ameandika vibaya. Asakinishe Graphviz. Anayependa kuburuta maumbo kwa kipanya achukue draw.io ya kusakinisha, inafanya kazi bila intaneti.

Walimu wasipokee picha ya mchoro peke yake, kwa kuwa picha hairekebishiki. Wadai faili la maandishi, likae kwenye Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko, pamoja na msimbo. Mwanafunzi akihamisha bei kutoka kwa mkulima, mwalimu ataona ni mstari gani umebadilika na lini.

Msomaji wako,
Mtwara Mikindani